Kutengeneza muziki wa hausi (house) kwa sampuli za disko: kutoka kwenye folda hadi wimbo kamili

Lupu ya disko, yaani kipande kifupi cha muziki kinachojirudia, huja ikiwa imeshiba. Ndani ya baa nne tu (kila baa ina mapigo manne) tayari kuna seti nzima ya ngoma, konga, gitaa la kukwaruza, besi inayorukaruka oktavu, kinanda cha Rhodes, vayolini na tarumbeta. Ukiilaza juu ya kiki (ngoma kubwa ya mguu) ya kisasa na besi ya sintesaiza, wimbo haukui. Unakuwa na bendi mbili zinazopiga kwa wakati mmoja ndani ya chumba kimoja. Kwa hiyo kazi kubwa ya prodyuza ni kupunguza: achague kitu kimoja au viwili ndani ya lupu, aondoe vingine vyote, kisha ajenge upya chini yake. Hatua zinazofuata zinatumia mfano mmoja, wimbo wa BPM 124 (mapigo 124 kwa dakika), ili hesabu zote zishikamane.

Kwanza, leseni

Maktaba za sampuli, yaani makusanyo ya vipande vya sauti, ziko za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Aina ya kwanza imerekodiwa upya na wanamuziki studioni, kwa ala na mashine za mtindo wa miaka ya 1970, na huuzwa kwa leseni isiyodai mrabaha. Aina ya pili imekatwa kutoka kwenye santuri za zamani. Hii ya pili ina wenyewe wawili: mwenye rekodi na mwenye utunzi. Hata ukiwaita wanamuziki wapige upya sehemu hiyo, unakuwa umemaliza suala la rekodi tu, la utunzi bado lipo.

Usitegemee ile kauli ya "ni sekunde moja tu". Nchini Marekani mahakama mbili za rufaa zimetofautiana. Mwaka 2005 moja ilisema ukitaka kuchukua sampuli ya rekodi, hata fupi, chukua leseni. Mwaka 2016 nyingine iliamua kwamba mlio wa tarumbeta wa sekunde 0.23, uliodaiwa kutoka kwenye rekodi ya lebo ya Salsoul na kutumika katika wimbo wa Madonna, ni mdogo mno kuwa kosa. Ulaya nako, katika kesi ya bendi ya Kraftwerk ya mwaka 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwenye rekodi anaweza kuzuia hata kipande kifupi sana, isipokuwa kama kimebadilishwa kiasi kwamba sikio haliwezi kukitambua.

Kwenye leseni ya maktaba yenyewe soma mambo matatu: kama unaruhusiwa kuuza wimbo, kama kuna kikomo cha mauzo au matumizi ya filamu na matangazo, na inasema nini kuhusu Content ID ya YouTube (mfumo unaotambua sauti zilizosajiliwa na kuzidai popote zinapotumika). Hili la mwisho huwanasa wengi. Lupu hiyohiyo iko kwenye kompyuta za maprodyuza wengine. Ukisajili wimbo wako kwenye mfumo huo huku lupu ikisikika peke yake, mfumo utaanza kudai nyimbo zao, nao wataleta malalamiko. Kama leseni si ya kipekee, usiwashe huduma hiyo kwa msambazaji wako. Hifadhi risiti na nakala ya leseni ndani ya folda ya wimbo, si kwenye barua pepe tu.

Hatua ya 1: Kuchagua faili

Kama maktaba inatoa vipande vilivyotenganishwa, yaani gitaa peke yake, vayolini peke yake na kadhalika, anza na hivyo. Lupu iliyokwisha kumiksiwa ni ya mwisho kufikiriwa, kwa sababu kiki yake haitoki kirahisi. Mpigaji ngoma Earl Young, aliyerekodi katika studio ya Sigma Sound huko Philadelphia mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndiye anayetajwa zaidi kwa kuweka kiki kwenye kila pigo na hai-hati (jozi ya sahani za ngoma) iliyofunguliwa katikati ya mapigo. Huo ndio uti wa mgongo ambao hausi ya Chicago iliurithi miaka ya 1980. Maana yake kwako ni kwamba kiki ya lupu imekaa palepale unapotaka kuweka ya kwako, mara nne katika kila baa.

Fungua mradi mpya, weka kiki yako kwanza, iache izunguke, ndipo usikilize maktaba. Lupu inayovutia ikiwa peke yake mara nyingi huwa ndiyo inayojaza nafasi yote. Unachotafuta ni ile inayobaki na umbo lake hata ukiikata besi na treble. Gitaa la kukwaruza, clavinet, mikato mifupi ya tarumbeta na konga hufaulu mtihani huu. Vayolini ndefu hufaulu pia, ila zinahitaji uangalifu wakati wa kubadili kasi.

Tumia WAV ya biti 24. MP3 huonekana sawa mpaka uibane au uivute, hapo ndipo mikwaruzo yake hujitokeza kwenye hai-hati na vayolini. Kisha shusha kila lupu kwa desibeli 8 hadi 10 mara tu unapoiingiza, kwani nyingi zimesukumwa hadi karibu na 0 dBFS (kikomo cha juu cha sauti ya kidijitali) ili zisikike kubwa kwenye onyesho la duka.

Hatua ya 2: Kasi na ufunguo kwa pamoja

Hapa ndipo wimbo hupona au huharibika. Mambo haya mawili usiyatenganishe.

Kuna njia mbili za kubadili kasi. Ya kwanza ni kuizungusha lupu haraka zaidi kama santuri, na sauti nayo hupanda. Katika Ableton Live njia hii inaitwa Re-Pitch, na programu nyingine nyingi zina mfano wake. Ya pili ni kubana muda huku sauti ikibaki pale ilipo. Kwa disko, jaribu ya kwanza kabla ya ya pili. Mguso wa pleki kwenye nyuzi za gitaa hubaki mkali, vayolini hazipati ule mtetemo wa chengachenga, na lupu hupata mng'ao unaotambulika mara moja kama hausi.

Kanuni yake ni hii: kila nusu toni moja ni asilimia 5.95 ya kasi. Lupu ya BPM 117 ikizungushwa hadi 124 inapanda nusu toni moja karibu kamili, kwa hiyo A maina inakuwa Bb maina na hakuna cha kurekebisha. Lupu ya BPM 110 inapanda nusu toni mbili na senti 7 (senti 100 ni nusu toni moja), kosa dogo linalorekebishika kwa kitufe cha tyuni. Lupu ya BPM 120 ndiyo yenye shida, kwa sababu inapanda senti 57 na kuangukia katikati ya funguo mbili. Hapo una uamuzi wa kufanya: ipandishe senti 43 zaidi au ishushe 57 kwa kutumia njia ya pili. Mabadiliko madogo kama hayo hayaumizi sauti. Ukiacha ilivyo, kila sintesaiza utakayoongeza itasikika kama haijatyuniwa, na utahangaika kubadilisha besi wakati kosa liko kwenye lupu.

Jina la faili linaposema "Am 117", usiliamini mpaka ulipime. Rekodi zilizopita kwenye tepu au santuri zinaweza kuwa juu au chini kwa senti 20 na zaidi. Chagua noti ndefu kuliko zote kwenye lupu, mara nyingi ni ya vayolini, kisha piga noti hiyohiyo kwa wimbi safi la sine. Kama ni A ya Hz 440 na lupu iko juu kwa senti 20, yaani karibu Hz 445, utasikia sauti ikipanda na kushuka mara tano kwa sekunde. Sogeza tyuni ya lupu taratibu. Mawimbi hayo yatapungua kasi, yatakuwa marefu, kisha yatatulia. Yakitulia, umefika. Sikio huliona hili vizuri kuliko kipimo cha skrini, hasa kama lupu ina ala nyingi kwa pamoja.

Mipaka: vokali (sauti za waimbaji) zikipanda zaidi ya nusu toni tatu huanza kusikika za kitoto. Vayolini zikibanwa kwa njia ya pili zaidi ya asilimia 6 hivi huanza kuchakaa. Na kabla ya kukubali ufunguo mpya, fikiria besi. Spika nyingi hazina nguvu chini ya Hz 40. E ya chini ya gitaa la besi ni Hz 41, F ni 44, G ni 49 na A ni 55. Wimbo ambao noti yake ya nyumbani iko kati ya F na A hupata besi nzito bila kulazimisha.

Hatua ya 3: Mdundo usiuue

Wapigaji ngoma wa disko hawakuwa mashine. Hata lupu iliyokatwa vizuri kwa urefu, ndani yake mapigo hayakai juu ya gridi (mistari ya muda kwenye skrini). Programu ikikupa kitufe cha kunyoosha kila kitu, usikibonyeze. Weka alama ya muda mwanzoni mwa kila baa, na ikibidi kwenye pigo la tatu. Alama kwenye kila noti hufuta kile ulichokilipia: gitaa linakuwa kavu, konga zinakosa uzito, na hutajua kwa nini.

Badala yake, ifanye mashine ifuate lupu. Programu nyingi zinaweza kusoma mdundo wa lupu na kuuhamishia kwenye hai-hati na pakashini zako. Kama yako haiwezi, tumia swingi ya asilimia 54 hadi 57. Kwenye BPM 124, noti mbili za kumi na sita huchukua milisekunde 242 kwa pamoja. Swingi ya 55 inaichelewesha ya pili kwa milisekunde 12, ya 57 kwa 17. Tofauti hiyo ya milisekunde 5 inasikika wazi kwenye hai-hati. Kiki yako ibaki juu ya gridi daima, kwani ndiyo DJ atakayoishika wakati wa kuunganisha nyimbo.

Gitaa likiwa nyuma ya gridi kwa milisekunde 10 kila mara, liache hivyo, ndipo utamu ulipo. Likiwa mbele, wimbo husikika unakimbizwa. Chelewesha njia yake nzima kwa milisekunde 5 hadi 10 kisha sikiliza tena.

Hatua ya 4: Kukata na kupanga upya

Chukua lupu ya baa moja na uikate vipande vinane sawa, kila kimoja milisekunde 242. Vipe namba 1 hadi 8. Kwa kuwa ni disko, vipande vya namba witiri vina kiki, na vya namba shufwa vina hai-hati iliyofunguliwa. Snea (ngoma kali ya pigo la pili na la nne) kwa kawaida iko kwenye namba 3 na 7. Ukilijua hilo, unaweza kuchanganya bila kuvunja ngoma: witiri abadilishane na witiri, shufwa na shufwa, na 3 abadilishane na 7 tu.

Jaribu mpangilio huu: 1-2-3-2-1-6-3-8. Gitaa na vayolini zinarudiarudia kwa namna mpya, lakini kiki, snea na hai-hati bado ziko mahali pake. Rudia kwa baa tatu, kisha baa ya nne iache kama ilivyorekodiwa, 1 hadi 8. Msikilizaji anapata kishindo cha kuona sentensi nzima ikikamilika baada ya kusubiri. Kama vipande ni vya gitaa pekee bila ngoma, kanuni hii haikubani. Hata hivyo anza nayo, kwa sababu mkono wa mpiga gitaa nao ulikuwa unafuata ngoma.

Kila kipande kipe mwanzo wa kupanda wa milisekunde 2 na mwisho wa kushuka wa 5 hadi 10. Bila hivyo utasikia "tik" kwenye kila mkato, kwa sababu wimbi limekatwa likiwa juu na kurushwa hadi sifuri ghafla. Usizidishe mwanzo, maana milisekunde 15 tayari zinameza mguso wa pleki. Weka sampla (kifaa kinachocheza vipande hivyo) kwenye sauti moja ili kipande kipya kikinyamazishe kilichotangulia, la sivyo mikia ya mwangwi itapandana na kuwa uji.

Ukitaka ule ukali wa hausi ya zamani, punguza ubora kwa makusudi. E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilirekodi kwa biti 12 na kHz 26.04, na kumbukumbu yake yote ilikuwa sekunde 10 hivi. Ndiyo maana watu waliicheza santuri ya 33 kwa kasi ya 45, wakairekodi, kisha wakaishusha ndani ya mashine kwa nusu toni tano hivi. Plagini ya kupunguza biti ikiwekwa kwenye 12 na kHz 26 inafaa tarumbeta, gitaa na konga. Kwenye vokali huleta s za kukwaruza.

Hatua ya 5: Nani anamiliki besi

Jibu liwe mmoja. Kata lupu kwa filta chini ya Hz 150 hadi 180, mteremko wa desibeli 24 kwa oktavu. Kama ni vayolini tu, nenda hadi 200 au 250. Utaogopa kwamba lupu imekuwa nyembamba. Irudishe pamoja na kiki na besi kabla ya kuhukumu.

Bado kuna mguso wa juu wa kiki ya zamani unaobaki. Ukisikia pigo maradufu, kiki mbili zimepishana kwa milisekunde 10 hadi 20. Sogeza lupu kwanza. Isipopona, tumia kompresa (kifaa kinachopunguza sauti inapozidi) ya saidicheni, yaani inayoendeshwa na kiki yako: uwiano 4:1, ikamate ndani ya milisekunde 1, iachie kwa 150 hadi 200, na kizingiti kishushwe mpaka lupu ipungue desibeli 4 hadi 6. Muda wa kuachia ndio unaoharibu kazi nyingi. Kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 484. Ukiweka 400, lupu inakuwa haijarudi vizuri wakati kiki inayofuata inaibonyeza tena, na wimbo unasikika kama umekabwa koo.

Besi mpya usiinakili ya zamani noti kwa noti. Chukua noti za nyumbani za kodi (chord, noti zinazopigwa kwa pamoja), ziweke katikati ya mapigo, na ruka oktavu pale tu lupu inapopumua. Chini ya Hz 120 kila kitu kiwe mono (sauti ileile kushoto na kulia).

Juu nako kuna ugomvi, wa hai-hati. Ya lupu na ya kwako zikiwa pamoja kwenye kHz 8 hadi 10, masikio huchoka ndani ya dakika mbili. Kata lupu juu ya kHz 9 kama hai-hati zako ndizo zinazoongoza. Vayolini zikichoma, punguza desibeli 2 au 3 kati ya kHz 2.5 na 4.

Hatua ya 6: Filta inayofunguka

Mtindo huu ulipata umaarufu mkubwa kutoka Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1990: lupu nzima inapitishwa kwenye filta ya kukata sauti za juu na kompresa nzito. Anza Hz 350, fungua hadi kHz 6 ndani ya baa 16. Sikio husikia kwa oktavu, si kwa Hz, kwa hiyo mstari ulionyooka wa Hz hufungua karibu kila kitu mwanzoni na kuacha mwisho bila tukio. Pinda mstari wa otomesheni ili upande polepole mwanzo na haraka mwisho. Rezonansi (nguvu ya ziada pale filta inapokata) ikae chini, kama asilimia 20, kwa sababu ikizidi, filta hupiga mluzi kila inapovuka noti yenye nguvu na kilele cha sauti huruka.

Mpangilio wa vifaa una maana. Filta ikitangulia kompresa, lupu iliyofungwa hubaki na nguvu na inaposukuma huleta ule mvumo wa kilabu. Kompresa ikitangulia, lupu hufifia kadiri filta inavyofungwa. Kwa utangulizi tumia mpangilio wa kwanza, kwa kuaga wimbo tumia wa pili.

Hatua ya 7: Kupanga wimbo

Baa 32 kwenye BPM 124 ni sekunde 62, muda unaomtosha DJ kuunganisha. Ramani inayofanya kazi: baa 1 hadi 32 ngoma na konga, 33 hadi 64 besi na gitaa lililokatwa, 65 hadi 80 filta inafunguka, 81 hadi 112 kila kitu, 113 hadi 128 ngoma zinaondoka na lupu inasikika mfululizo kwa mpangilio wake wa asili kwa mara ya kwanza, 129 hadi 160 kurejea kwa nguvu, 161 hadi 192 kupunguza. Jumla ni dakika 6 na sekunde 12 hivi. Jambo la kulinda hapa ni ile sehemu ya 113. Ukiwa umeshaicheza lupu nzima kwenye utangulizi, huna tena kitu cha kuwapa watu katikati.

Kwenye miksi acha kilele cha -6 dBFS. Kompresa ya jumla isizidi desibeli 1 au 2, kwani lupu ilishabanwa na waliotengeneza maktaba. Toleo la kilabu mara nyingi hukaa -9 hadi -8 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika). Spotify huishusha yenyewe hadi -14, kwa hiyo hakuna faida ya kubana zaidi kwa ajili ya mtandao.

Mwisho, bonyeza mono na usikilize wimbo wote. Mifumo mingi ya kilabu hupiga mono, na vayolini zilizopanuliwa au kupitishwa kwenye feza (phaser, athari ya sauti inayozungukazunguka) zinaweza kupotea hapo. Zikipotea, punguza upana hadi asilimia 60 na uondoe feza kwenye njia hiyo. Zikiwa bado dhaifu, tumia upande mmoja tu wa sterio, kushoto au kulia, kama chanzo cha mono, kisha zipe upana upya kwa mwangwi mfupi wa chumba, sekunde 0.6 hadi 0.8, uliokatwa chini ya Hz 300.